Maiti Haulizwi Sanda? Kauli ya Mwanamke katika Simulizi za Mashahidi

1.0 Utangulizi

Neno "shahidi" katika Kiswahili hubeba maana mbili. Shahidi ni mtu aliyeona jambo na kulithibitisha mbele ya kadhi au hakimu. Shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Kiswahili kimelipata neno hili kutoka Kiarabu, ambamo maana hizo mbili zimekaa pamoja tangu kale. Kiyunani nacho kilikuwa na neno lililosafiri njia iyo hiyo: kwanza mtoa ushahidi, kisha mtu aliyeuawa kwa sababu ya ushahidi alioutoa. Mfuatano huo una funzo kwa mhakiki. Shahidi husema kwanza, kisha hufa. Kifo chake huitia muhuri kauli yake. Hakichukui nafasi ya kauli hiyo.

Hata hivyo, simulizi nyingi za mashahidi, hasa zinazomhusu mwanamke, huupindua mfuatano huo. Kifo hupewa kurasa nyingi, maisha hupewa aya moja, na kauli hupunguzwa hadi ibaki sentensi moja ya kukumbukwa. Wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Makala hii inaichukua methali hiyo kama swali la uhakiki: je, shahidi mwanamke naye huvikwa simulizi ambayo hakuulizwa kama inamfaa? Hoja inayojengwa ni kwamba ubora wa simulizi ya shahidi hupimwa kwa jinsi inavyomwachia marehemu kauli yake, na kwamba simulizi inayompokonya kauli hiyo huwadhuru hata walio hai.

Matini zinazochunguzwa hazina uzito sawa. Iliyo kuu ni simulizi ya Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mtawa wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Ya pili ni wasia wa Anneken Jans, mwanamke wa Kianabaptisti aliyezamishwa majini mjini Rotterdam tarehe 24 Januari 1539. Baina yao umewekwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858. Mtunzi wake hakuwa shahidi wa imani, lakini utendi huo ndio mizani ya wasia wa mama ambayo msomaji wa Kiswahili tayari anayo mkononi.

Simulizi hizi zinasomwa hapa kwa kumzingatia msikilizaji wa mahali maalumu, yaani Kalimoni, misheni ya Kikatoliki iliyo karibu na Juja, kati ya Ruiru na Thika. Eneo hili lilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge kabla ya kuanza kumezwa na nyumba za kupanga. Mahali kama hapa, maisha ya shahidi husikika kabla ya kusomwa. Hutolewa kwa muhtasari katika mahubiri, hurudiwa katika mafundisho ya vijana, na hupewa mtoto pamoja na jina la ubatizo. Kwa hivyo, hata pale chanzo chake kilipo maandishi, simulizi ya shahidi huwafikia wengi kama fasihi simulizi, na hupitia mabadiliko yote ambayo masimulizi ya mdomo hupitia: kufupishwa, kupambwa na kuelekezwa kwenye funzo moja.

2.0 Wasia wa Anneken Jans

Waanabaptisti walijitokeza mjini Zürich mwaka 1525, katika vuguvugu la mageuzi ya kanisa. Walishikilia kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamini, wala si wa mtoto mchanga. Wengi wao walikataa pia kula kiapo na kushika silaha. Kwa kuwa misimamo hiyo iligusa mamlaka ya dola na ya kanisa kwa pamoja, waliteswa na watawala wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti vilevile. Wanaume kwa kawaida walichomwa moto au kukatwa vichwa. Wanawake wengi walizamishwa majini.

Anneken Jans alizaliwa Briel, mji mdogo wa Uholanzi. Alibatizwa mwaka 1534, akakimbilia Uingereza kuepa mateso, na aliporejea mwaka 1538 akakamatwa. Kilichomponza ni wimbo. Yeye na mwanamke mwenziwe walikuwa safarini wakiimba, na wasafiri wengine wakautambua wimbo huo kuwa wa Waanabaptisti. Mhakiki wa fasihi hawezi kulipita jambo hili kimya kimya. Shahidi huyu hakukamatwa kwa jambo alilotenda mafichoni, bali kwa sanaa aliyoitamka hadharani. Kauli yake ndiyo iliyokuwa kosa lake.

Alipokuwa akipelekwa kuuawa, Anneken alikuwa na mwanawe Esaias, mwenye umri wa miezi 15. Kwa mujibu wa masimulizi, aliwaomba watu waliokuwa wakitazama kwamba atakayemlea mtoto huyo achukue pia kifuko chake cha fedha. Mwoka mikate mmoja akajitokeza. Mtoto huyo alikua, akawa mtengeneza bia, na hatimaye meya wa mji uo huo uliomwua mama yake. Pamoja na fedha, Anneken alimwachia mwanawe wasia wa maandishi, ambao ulichapishwa mwaka huo huo wa 1539.

Wasia huo haumwelezi mtoto jinsi mama yake atakavyokufa. Unamweleza jinsi ya kuishi. Unamtaka awatafute watu walio wachache, maskini na waliodharauliwa, kwa kuwa ukweli hukaa kwao. Unamtaka amgawie mwenye njaa mkate wake na kumvika aliye uchi. Nafsi inayosema ni ya mtu anayejua kwamba muda wake umekwisha, lakini kitenzi kinachotawala ni cha amri inayoelekea mbele: fanya, tafuta, gawa, usiogope. Kwa hivyo kifo ndicho kilichosababisha matini hii, lakini si dhamira yake. Dhamira yake ni malezi.

Jumuiya iliyomrithi ilimhifadhi ndani ya kitabu kikubwa kijulikanacho kama Kioo cha Mashahidi, kilichokusanywa na Thieleman J. van Braght na kuchapishwa Dordrecht mwaka 1660. Toleo la mwaka 1685 liliongezewa michoro 104 ya Jan Luyken, mmojawapo ukimwonyesha Anneken akimkabidhi mwanawe kwa mwoka mikate. Kitabu hicho kina sifa ambayo simulizi nyingi za aina yake hazina: huziacha barua na mahojiano ya wafungwa zisimame zenyewe. Elizabeth Dirks, kwa mfano, aliyezamishwa Leeuwarden mwaka 1549, anaonekana akijibizana na wahoji wake swali kwa jibu kuhusu sakramenti, huku akikataa katakata kuwataja wenzake. Mwanamke asiye na cheo chochote anasikika akiwa mwanateolojia.

Hata hivyo, Kioo cha Mashahidi nacho ni sanda. Watafiti wa karne ya 20 wameonyesha kwamba Anneken alikuwa karibu na David Joris, kiongozi aliyetarajia mwisho wa dunia upesi na ambaye Wamenno wa baadaye hawakumkubali. Picha ya mama mpole anayemkumbatia mtoto, iliyoenezwa na michoro, haimtoshi mwanamke huyo. Kinachomwokoa asigeuzwe sanamu ni wasia wenyewe. Msomaji akitilia shaka fasiri ya mkusanyaji, anaweza kurudi kwenye maneno ya marehemu.

3.0 Mizani ya Mwana Kupona

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili aelewe utanzu wa wasia huo. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na utawala wa Masultani wa Zanzibar. Akiwa mjane na mgonjwa, mnamo mwaka 1858, alitunga utendi wa beti zinazokaribia 100 kumwusia bintiye, Mwana Hashima. Hali ya usemaji ni ile ile ya Anneken: mama anahisi kifo kinakaribia, mtoto anabaki, na mali iliyo bora kuliko zote ni neno. Wote wawili wanaomba kalamu itangulie mauti.

Tofauti zao ni kubwa na hazipaswi kufunikwa. Mwana Kupona anamwelekeza binti katika heshima kwa Mungu, kwa Mtume, kwa wazazi na kwa mume, ili apate radhi ndani ya jamii aliyozaliwa. Anneken anamwelekeza mwana atoke katika jamii inayotawala na kujiunga na waliotengwa. Mmoja anatengeneza nafasi ya mtoto katika mji. Mwingine anamwandaa mtoto kukosana na mji. Lakini kwa fani, nyosia hizi ni ndugu. Katika zote mbili, mwanamke anayekaribia kufa ndiye nafsi inayosema. Watu wengine hawapewi nafasi ya kumsemea.

Historia ya uchapishaji wa utendi huu nayo ni fundisho. Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza iliyouelekeza wote kwenye wajibu wa mke kwa mumewe. Ni kweli kwamba wajibu huo umo, na umepewa beti nyingi. Lakini katika utendi huo huo mna sala ndefu, mna maradhi ya mtunzi, mna huruma kwa wenye shida, na mna fahari ya mwanamke anayejua kwamba shairi lake litasomwa na wengine baada yake. Anwani iliyowekwa na wahariri ililitenga fungu moja na kulifanya liwe utendi mzima. Kwa muda mrefu wahakiki walibishana na anwani hiyo wakidhani wanabishana na Mwana Kupona. Huo ndio uwezo wa sanda: mtazamaji huiona yeye kwanza.

4.0 Anuarite: Maisha, Kifo na Kiolezo

Anuarite alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939. Jina alilopewa kwao lilikuwa Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, ambalo liliandikwa kimakosa alipoandikishwa shuleni, nalo likamganda maisha yake yote na hata baada ya kufa. Jambo hili kwa kawaida hutajwa kama kichekesho kidogo mwanzoni mwa simulizi, kisha likaachwa. Kwa uhakiki unaofanywa hapa, lina uzito mkubwa zaidi. Mwanamke huyu aliandikwa na wengine tangu utotoni. Jina ambalo ulimwengu unamwomba nalo si lile alilopewa na wazazi wake.

Alijiunga na Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka na kuweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959. Alihudumu katika sakristia, alipika, na alifundisha watoto shuleni. Miaka mitano ya kazi za namna hii ni muda mrefu katika maisha ya mtu aliyekufa kabla ya kutimiza miaka 25, lakini masimulizi huipitia kwa haraka, kana kwamba ni ukumbi tu wa kuingilia katika usiku mmoja wa Isiro.

Usiku huo ulikuja ndani ya historia ambayo simulizi za kidini mara nyingi huiacha nje. Baada ya Patrice Lumumba kuuawa mnamo Januari 1961, wafuasi wake waliendelea kuipinga serikali, na mwaka 1964 yakatokea maasi mashariki mwa nchi. Waasi walijiita Simba, na waliamini kwamba dawa waliyopewa ingeyageuza maji risasi za adui. Maneno hayo mawili, Simba na dawa, ni ya Kiswahili, nayo yanamkumbusha msomaji kwamba mkasa huu ulitokea ndani ya ulimwengu wa lugha yake. Agosti 1964 waliuteka mji wa Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini humo kutoka katika ndege za Marekani. Siku tano baadaye, waasi waliokuwa wakirudi nyuma kwa hasira waliwachukua masista wa Bafwabaka, na wakafikishwa Isiro.

Huko Isiro afisa mmoja wa waasi alimtaka Anuarite, naye akakataa. Mama mkuu wa shirika, Léontine Kasima, alisimama upande wake. Afisa mwingine, Kanali Pierre Olombe, aliyekuwa ametumwa kumshawishi, baadaye akamtaka kwa nafsi yake. Anuarite akakataa tena. Yeye na sista mwenzake walipigwa vibaya. Kwa mujibu wa masista walioshuhudia, alimwambia mshambulizi wake kwamba amemsamehe kwa kuwa hajui analolitenda. Akachomwa visu, akapigwa risasi, na akafariki usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba.

Wiki sita tu kabla ya hapo, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alikuwa amewatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Wote walikuwa wanaume. Kwa hivyo Afrika Mashariki na Kati ilikuwa imepata kiolezo cha shahidi mwanamume: kijana wa ikulu anayeikataa amri ya Kabaka na kuuawa pamoja na wenzake. Kwa mwanamke, kiolezo kilitoka mbali zaidi. Maria Goretti, msichana wa Italia aliyeuawa mwaka 1902 akiwa na miaka 11, alikuwa ametangazwa mtakatifu mwaka 1950. Kiolezo chake kina nguzo mbili, usafi wa mwili na msamaha kwa muuaji, na ndizo nguzo zilizojengewa simulizi ya Anuarite. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza kuwa Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, alitamka katika mahubiri yake msamaha kwa muuaji kwa niaba ya Kanisa lote. Siku iliyofuata aliwasili Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi, na jina la Anuarite likawafikia Wakatoliki wa Kenya likiwa limekwisha kuvikwa nguzo hizo mbili.

Kiolezo si uongo. Anuarite aliweka nadhiri ya useja na aliichukua kwa dhati. Kuliondoa jambo hilo katika simulizi yake kungekuwa kumvika sanda nyingine, safari hii ya mhakiki. Tatizo ni jinsi kiolezo kinavyolihamisha tendo lake. Tendo la Anuarite lilikuwa la usemi: alisema hapana kwa mtu mwenye silaha, akairudia, akaeleza kwa nini, kisha akatamka msamaha ambao hakuna aliyemlazimisha kuutoa. Kiolezo hulitoa tendo hilo katika usemi na kuliweka katika mwili, ili kinachosifiwa kiwe hali ya mwili uliohifadhiwa badala ya nia ya mtu aliyeamua. Kwa lugha ya uhakiki, mtenda hugeuzwa kuwa mtendwa. Ushahidi hutoweka, na hubaki kifo.

Anneken aliacha karatasi. Anuarite hakupata nafasi ya kuandika wasia usiku ule. Kauli zake zimebebwa na masista waliokuwa pamoja naye. Hali hiyo haiipunguzii simulizi yake thamani, bali inaongeza idadi ya mashahidi kwa maana ya kwanza ya neno. Kila sentensi ya Anuarite inayokaririwa leo ilitunzwa na mwanamke mwingine aliyekuwa hatarini pamoja naye. Simulizi inayomwonyesha akiwa peke yake mbele ya adui imewafuta wasimulizi wake yenyewe.

5.0 Msikilizaji wa Kalimoni na Ugomvi wa Fasiri

Msikilizaji wa Kalimoni haijii simulizi ya aina hii akiwa mtupu. Anatoka katika eneo ambalo kukataa kumekuwa na bei. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, kulikuwa na watu waliouawa kwa kula kiapo na wengine waliouawa kwa kukataa kukila. Mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa, watu wengi walipelekwa Gatundu kuapishwa, na baadhi ya Wakristo waliokataa walipigwa. Mtu mwenye kumbukumbu hizo anapoambiwa kwamba Waanabaptisti walikufa kwa kukataa kiapo, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Pia anajua kwamba kifo kimoja kinaweza kuitwa ushujaa na kambi moja na usaliti na kambi nyingine, na kwamba aliyekufa hayupo kuamua.

Ugomvi huo wa fasiri ndio uliochorwa na mwandishi aliyezaliwa katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake The River Between ya mwaka 1965. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anatoroka kwenda kutahiriwa kwa sababu anataka kuwa Mkristo na mwanamke kamili wa jamii yake kwa pamoja. Jeraha linamwua. Kabla mwili haujapoa, kila kilima kinauchukua mkasa na kuufanya hoja. Kwa Joshua, binti aliyeasi alikuwa amekwisha kupotea. Kwa wamisheni, ni ithibati ya ubaya wa mila. Kwa wazee wa Kameno, ni adhabu kwa nyumba iliyoiacha mila. Hakuna upande unaouliza Muthoni mwenyewe alisema nini, ingawa alisema waziwazi, akiwa anakufa, kwamba alikuwa amekipata alichokitafuta.

Ngũgĩ anaweza kuyaweka maneno ya Muthoni mbele ya msomaji kisha kuzionyesha fasiri zote zikiyapita. Mwandishi wa maisha ya mtakatifu ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mmoja wa kambi zinazofasiri. Hilo halimzuii kuwa mwaminifu. Linamdai tu aonyeshe mahali kauli ya marehemu inapoishia na mahali fasiri yake inapoanzia.

6.0 Waliobaki Hai

Madhara ya kuichanganya mipaka hiyo hayaishii katika ujumi. Tangu vita vya mwaka 1996, ubakaji umetumiwa kama silaha mashariki mwa Kongo kwa kiwango ambacho hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, imejulikana duniani kwa kuwatibu walionusurika. Mwanzilishi wake, Daktari Denis Mukwege, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Mwanamke aliyepitia mkasa huo anaposikia kwamba Anuarite anaheshimiwa kwa sababu mwili wake ulibaki salama, simulizi hiyo inamwambia nini? Inamwambia kwamba alipaswa kufa. Hakuna mhubiri mwema anayekusudia kusema hivyo, lakini simulizi husema zaidi ya kusudi la msimulizi wake.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Kalimoni ina kanisa na ina hospitali. Msichana anayesikia sifa za Anuarite kanisani Jumapili anaweza kuwa ndiye anayefikishwa hospitalini Jumatatu akiwa na jeraha ambalo anaogopa kulitaja. Akiwa amefundishwa kwamba thamani ya mwanamke ni kitu kinachoweza kunyang'anywa na mwingine kwa nguvu, atanyamaza. Akiwa amefundishwa kwamba Anuarite ni mwanamke aliyesema, na ambaye mama mkuu wake alisimama upande wake na wenzake wakaibeba kauli yake hadi ikaufikia ulimwengu, atakuwa na sababu ya kusema naye. Simulizi ni ile ile kwa matukio. Kinachobadilika ni mahali msisitizo ulipowekwa.

Yupo pia yule sista mwingine aliyepigwa usiku ule akasalimika. Katika masimulizi mengi yeye ni mhusika msaidizi anayetoweka ukurasa unaofuata. Ilhali bila yeye na wenziwe kusingekuwa na simulizi yoyote. Utendi wa Mwana Kupona ulimhitaji Mwana Hashima wa kuutunza. Wasia wa Anneken ulihitaji mtoto aliyelelewa na mwoka mikate. Kila kauli ya mwisho inahitaji mtu aliyebaki hai. Simulizi inayomtukuza aliyekufa kwa kumfuta aliyenusurika inakata tawi ililolikalia.

Hoja hii haipunguzi msamaha wa Anuarite. Kinyume chake, inaupa hadhi yake. Msamaha ni kauli, na kauli huwa na mwenyewe. Aliutoa yeye, kwa muuaji wake, katika saa yake. Simulizi inapougeuza kuwa wajibu wa kila mwanamke aliyedhulumiwa, inamnyang'anya Anuarite zawadi aliyoitoa kwa hiari na kuifanya kodi ambayo wengine wanatozwa.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba fani ya simulizi ya shahidi si jambo la pambo. Wasia wa Anneken Jans umedumu kwa karibu miaka 500 kwa sababu wakusanyaji wake, pamoja na makusudi yao, waliyaacha maneno yake mahali pake. Utendi wa Mwana Kupona umewashinda wahariri waliouwekea anwani finyu kwa sababu beti zenyewe zipo na zinasomeka. Anuarite hana utendi wala karatasi ya wasia. Ana kauli chache zilizobebwa na wanawake walioziamini, na kwa hiyo anahitaji msimulizi mwaminifu zaidi kuliko wale wengine wawili.

Uaminifu huo unaweza kuelezwa kwa mambo manne. Msimulizi ampe Nengapeta jina lake na kisa cha jinsi lilivyopotea. Ampe miaka yake ya jikoni, ya sakristia na ya darasani, kwa kuwa mtu hasemi hapana ya namna ile kwa usiku mmoja. Huijenga kwa miaka mingi. Awape nafasi Mama Kasima na masista wenzake, ambao ni mashahidi kwa maana ya kwanza ya neno. Na awape Simba historia yao bila kuwapa udhuru, ili uovu uliotendwa uonekane kuwa wa wanadamu wenye majina na sababu, na si wa mashetani walioibuka msituni.

Methali inasema kweli kuhusu maiti: haulizwi sanda. Lakini shahidi si maiti tu. Anneken aliulizwa na mahakimu wa Rotterdam. Anuarite aliulizwa na mtu mwenye bunduki. Wote wawili walijibu. Kazi ya anayesimulia, awe mimbarini Kalimoni au katika ukurasa uliochapishwa, ni kulifikisha jibu hilo kwa msikilizaji kabla ya kuanza kulieleza.